Cheti cha Siga

Kwetu Mbafay, mtu akiuliza ni nani aliyempeleka mama yake zahanati siku alipozaliwa, jibu lilikuwa lile lile: Latyr Diouf. Hakuwa na gari. Alikuwa na mkokoteni wa magurudumu mawili, farasi mwekundu mwenye doa jeupe juu ya pua, na ulimi usiojua kusema hapana. Mkokoteni ule ulibeba karanga za watu kwenda kwenye mizani, ulibeba maharusi, wagonjwa, mabati, mapipa ya maji mwaka kisima kilipokauka, na mara mbili ulibeba maiti. Ukimwomba asubuhi akupeleke mahali, anaacha uji wake kwenye bakuli. Mkewe, Tening, aliwahi kuniambia kwamba yeye hakuolewa na mwanamume, ameolewa na kituo cha mabasi.

Mimi naitwa Mbagnick. Baba yangu na baba yake Latyr ni ndugu, na tumekulia uani mmoja. Kwa hiyo haya sikuyasikia kwa watu. Mengi niliyaona kwa macho yangu, na moja nililifanya mwenyewe.

Latyr na Tening walijaliwa mabinti wawili wa kwanza kabla ya wale wavulana waliofuata. Mkubwa aliitwa Siga. Uzazi wake ulikuwa wa shida, Tening akapelekwa mjini, na kwa kuwa mtoto alizaliwa zahanati, muuguzi akapeleka jina lake kwenye daftari la vizazi juma lile lile. Siga akapata cheti. Alipofika miaka mitatu ulipita ugonjwa wa surua, ukachukua watoto wanne katika kijiji chetu, naye akiwa mmoja wao. Tulimzika asubuhi. Hakuna aliyekwenda mjini kuandikisha kifo cha mtoto wa miaka mitatu. Kwetu haikuwa desturi, na wala haikutujia akilini.

Wakati huo mdogo wake, Dibor, alikuwa na mwaka mmoja, yuko titini. Yeye alizaliwa nyumbani katikati ya masika, juma ambalo kila mkono ulikuwa shambani ukipalilia uwele, na njia ya mjini ilikuwa chini ya maji. Latyr akasema ataenda kumwandikisha mvua zikiisha. Mvua zikaisha, yakaja mavuno ya uwele. Uwele ukaingia ghalani, zikaja karanga. Karanga zilipokwisha, muda wa kuandikisha bure ulikuwa umepita na jambo lilitaka hakimu. Latyr akaliacha. Nusu ya watoto wa Mbafay walikuwa hivyo. Mtoto yupo, anakula, anagombana na wenzake. Karatasi ya kazi gani?

Shule ndiyo iliyotuonyesha kazi yake.

Dibor alikuwa mtoto wa mdomo. Mdomo wake haukuwa wa kukosa adabu, ila ulikuwa hauchoki, na mara nyingi ulisema kitu ambacho wakubwa walikuwa wanakiogopa kukisema. Mwalimu wa darasa la sita, lile la mwisho kabla ya shule ya kati, alikuwa Mtukulori aliyetoka kaskazini kwenye mto, Mwalimu Ly. Sisi Waserer na Watukulori ni watani tangu zamani, na Dibor hakumwonea haya. Siku moja mwalimu aliandika ubaoni hesabu ya ng'ombe: wametoka kumi na wawili kwenda malishoni, wamerudi kumi na wanne. Dibor akanyoosha mkono.

"Mwalimu, hao wawili wa ziada Mtukulori kawaiba kwa nani?"

"Kwa babu yako," akajibu Mwalimu Ly bila kugeuka. "Alikuwa amelala, ameshiba kuskusi."

Darasa lilicheka mpaka wapita njia wakachungulia. Lakini hesabu ile Dibor ndiye aliyeipata kwanza, na iliyofuata pia. Mwalimu alimpenda kwa namna ambayo hakuificha. Alimwambia Latyr mbele yetu, "Huyu mtoto wenu asipofika shule ya kati, mimi nitarudi kwetu nikachunge."

Mwaka ule wa mwisho mwalimu aliwakazania. Aliwafundisha hata mchana wa Alhamisi, siku ambayo watoto wengine walikuwa huru. Pamoja na masomo aliwaeleza maisha ya huko. Aliwaambia shule ya kati haina mwalimu mmoja anayekulea kama mama. Kila somo lina mtu wake, kengele ikilia unahama, na katika watu wote hao hakuna hata mmoja anayejua wewe ni mtoto wa nani. Dibor aliyachukua maneno hayo kama amri ya daktari. Alinakili ratiba ya binamu yake aliyekuwa tayari mjini, akaibandika ukutani kwa uji. Kisha akaanza mazoezi. Hesabu alifanyia jikoni. Historia alifanyia nyuma ya ghala. Kila baada ya muda alikusanya madaftari, akavuka ua kwa haraka akielekea "chumba" kingine, na ukimsemesha njiani anakwambia, "Baba mdogo, nimechelewa jiografia." Jiografia ilikuwa karibu na zizi la mbuzi.

Mjomba wake, Biram Sarr, fundi cherehani mjini, alikubali kumpokea. Kwetu mjomba ana haki kubwa juu ya mtoto wa dada yake, na Biram hakungoja kuombwa mara mbili. Alikuja mwenyewe na futi yake ya kitambaa, akampima Dibor mabega kwa ajili ya sare, akasema ataacha upindo mpana kwa sababu watoto wa Tening hurefuka ghafla.

Mwezi wa pili Mwalimu Ly alianza kukusanya faili za watahiniwa. Katika watoto kumi na tisa, saba hawakuwa na cheti cha kuzaliwa. Dibor alikuwa miongoni mwao. Mwanangu Ngor pia. Mwalimu akatuita wazazi. Alisema bila cheti hakuna mtihani, na bila mtihani hakuna shule ya kati, ndivyo sheria ilivyo. Lakini hakimu atakuja makao ya tarafa, Jumatano moja ya mwezi wa nne, kuwaandikisha waliochelewa. Kila mtoto aende mwenyewe na mashahidi wawili waliokuwepo alipozaliwa.

"Hiyo siku msinifanyie Kiserer," alisema. "Mkisikia saa mbili, iwe saa mbili."

Makao ya tarafa ni kilomita kumi na moja kutoka kwetu, na njia yote ni mchanga. Watoto saba, wazazi na mashahidi. Tulikuwa zaidi ya watu ishirini. Mkokoteni wa Latyr ulichukua wanane, tisa tukibanana. Yeye mwenyewe ndiye aliyepanga: safari tatu, na mke wake na Dibor na mashahidi wao watakuwa katika ile ya kwanza. Hivyo ndivyo alivyosema usiku uliotangulia, na hivyo ndivyo ilivyopaswa kuwa.

Asubuhi ile nilifika uani kwake na Ngor nikiwa na mbuzi wawili kamba mkononi. Jumatano ni siku ya gulio huko tarafani, na mbuzi huuzika mapema, kabla ya jua kuwachosha wanunuzi. Tening alikuwa ameshapanda, amevaa gauni lake la sikukuu, viatu ameviweka mapajani visiingie vumbi. Dibor alikuwa pembeni yake, nywele zimesukwa upya.

Nikamwambia Latyr, "Kaka, nipeleke na hii ya kwanza. Nikichelewa gulio, hawa mbuzi nitarudi nao."

Latyr aliangalia mkokoteni. Kulikuwa na bibi mmoja na mjukuu wake ambaye miguu ilikuwa imevimba, huyo haikuwezekana kumshusha. Kulikuwa na watu wa ukoo wa mkuu wa kijiji. Akamwangalia mkewe. Tening akaviweka viatu vyake chini, akashuka, akamshusha Dibor, na mashahidi wao wawili wakashuka nyuma yao. Nikapanda mimi, Ngor, mashahidi wangu, na mbuzi wangu wawili miguuni. Tening alisema tu, "Fanya haraka kurudi, baba Dibor."

Tulifika mapema. Hakimu alikuwa mtu mpole mwenye miwani, ameketi uwanjani chini ya mwavuli mkubwa, karani wake akiandika kwa mwandiko wa kulala. Ngor aliulizwa jina, mashahidi wakaapa, tukatoka. Ilichukua muda mfupi kuliko wa kunywa chai. Mbuzi niliwauza vizuri. Nikakutana na jamaa, tukakaa.

Latyr alirudi Mbafay kwa safari ya pili. Hapo ndipo Tening alipopaswa kupanda, na hata wakati huo kulikuwa na mtu mwingine: mama mmoja mwenye mapacha wasio na cheti, ambaye mumewe alikuwa mbali, akalia kwamba akikosa hakimu mumewe atampiga. Latyr akampandisha na mashahidi wake. Hakuna aliyemlazimisha. Tening alimwambia baadaye, "Ungeniambia nami nilie, ningelia."

Safari ya tatu ilianza jua likiwa kichwani. Farasi alikuwa amekwenda na kurudi mara mbili kwenye mchanga, akawa anasimama. Latyr alishuka akamvuta kwa kamba. Katikati ya njia Tening na mashahidi wakashuka nao, wakatembea. Dibor peke yake akabaki juu, kwa sababu baba yake hakutaka afike mbele ya hakimu na vumbi miguuni. Walipoingia uwanjani, ule mwavuli mkubwa wa hakimu ulikuwa umefungwa, na karani alikuwa anakunja kitambaa cha meza.

Mimi nilikuwa pale. Nilikuja mbio kutoka gulioni nilipomwona farasi.

"Bwana, tuna mtoto mmoja tu," Latyr alisema.

"Mheshimiwa ameondoka," akasema karani. "Ana kikao kingine kesho, mbali."

"Huyu ana mtihani."

Karani alimtazama Dibor juu ya mkokoteni, kisha akamtazama farasi. Nadhani alimwonea huruma farasi. "Mlikuwa wapi tangu asubuhi?" akauliza. "Mkokoteni huu huu nimeuona hapa mara mbili."

Karani akasema hakimu atarudi mwakani, akafunga daftari kwa ugwe, akaondoka.

Mwalimu Ly alizipata habari jioni ile ile. Kesho yake alipanda pikipiki ya kuazima akaenda mwenyewe kwa wakubwa wa elimu kuomba Dibor apewe nafasi, karatasi ifuate baadaye. Wakamwambia kanuni ni kanuni, na faili zinafungwa baada ya siku kumi. Aliporudi alipitia kwa Latyr, na kwa mara ya kwanza tangu tumjue hakufanya utani wowote.

Aliyetoa wazo lile ni Gnilane, dada mkubwa wa Latyr, mwanamke wa maamuzi ya haraka. Alikuja akakaa juu ya kinu kilichopinduliwa, akasema, "Mnahangaika nini? Cheti mnacho. Siga ana cheti."

Tening alikuwa anapepeta. Akaacha.

"Shangazi yake," alisema taratibu, "Siga amekufa."

"Huku kwetu amekufa. Kule mjini nani kamwambia mtu? Daftarini yuko hai, ana miaka kumi na minne. Dibor ana kumi na miwili, na urefu anao. Nani atajua?"

Hili halikuwa jambo geni. Vijijini kwetu wapo watu wazima, wengine wana vyeo, wanaotembea na vyeti vya ndugu zao. Gnilane hakuwa mwovu. Alimpenda yule mtoto, na kwa akili yake alikuwa anaokoa kitu. Lakini Tening alikataa siku tatu. Cheti kile kilikuwa ndani ya kopo la maziwa ya unga, pamoja na kadi ya chanjo. Siga hakuwahi kupigwa picha. Tening alimwambia mumewe mbele yangu, "Hiyo karatasi ndiyo yote niliyobaki nayo. Ukiichukua, kaburi lenyewe litakuwa la nani?"

Latyr alikwenda kwa Mwalimu Ly kutaka ushauri. Mwalimu akamwambia hatamshauri wala hatamkataza. Akimletea faili lenye cheti, atalipokea, hatauliza. Kisha akaongeza, "Ila ujue, Latyr, si jambo la siku moja. Kuanzia hapo kila karatasi atakayopewa itazaa nyingine yenye jina hilo hilo."

Siku ya nne Dibor mwenyewe alimwendea mama yake. Hatukujua walizungumza nini. Tulichoona ni Tening kutoka ndani na kopo lile, akamkabidhi mumewe, akarudi jikoni.

Ikabidi mtoto azoeshwe. Chumba cha mtihani kina msimamizi mgeni, anaita majina kwa cheti, na asiyeitika anahesabiwa hayupo. Basi mchana, wakati sote uani tukimenya karanga za mbegu, Latyr alijifanya msimamizi.

"Siga Diouf."

Dibor aliendelea kumenya.

"Siga Diouf," akarudia.

"Nipo."

"Ulizaliwa wapi?"

"Zahanati ya mjini." Akataja na tarehe, neno kwa neno.

"Mama yako ni nani?"

"Tening Sarr," akasema Dibor, kisha akacheka kidogo. "Hapo tu ndipo sidanganyi."

Sisi wengine tukacheka naye, tukadhani ni mdomo wake ule ule. Tening alinyanyuka na ungo wake, nusu karanga bado zina maganda, akaondoka. Tangu siku ile zoezi likianza, yeye alikuwa na kazi kisimani.

Mtihani ulipita mwezi wa sita. Matokeo yalikuja mvua ya kwanza ikiwa imeshanyesha, na Mwalimu Ly aliyasoma uwanjani mwa shule, kijiji kizima kimesimama kwenye tope. Alianza na wa kwanza.

"Siga Diouf."

Wanawake wa uani kwetu walipiga vigelegele. Palikuwa na bibi mmoja, macho yake yalikuwa yameshafifia, yeye ndiye aliyemwosha Siga kabla ya kuzikwa, miaka ile kumi na moja iliyopita. Vigelegele vilipotulia akauliza kwa sauti, "Siga yupi?" Mwalimu akasoma jina la pili haraka. Nilipogeuka, Tening hakuwepo. Nilimkuta baadaye nyumbani anatwanga uwele, ingawa chakula cha siku ile kilikuwa kimeshaiva.

Mwanangu Ngor, aliyekuwa na cheti kilichogongwa muhuri safi, hakufaulu. Alirudia mwaka mmoja, akaacha, akaenda kujifunza useremala. Ni seremala mzuri. Cheti chake ninacho mpaka leo, na sijawahi kukitumia kwa lolote.

Mwezi wa kumi Latyr alimpeleka binti yake mjini kwa mkokoteni ule ule. Safari ile hakumbeba mtu mwingine hata mmoja, na waliomwomba aliwapita bila kuwaangalia, jambo ambalo watu walilisema sana. Tening alimfungia Dibor kuskusi kavu, karanga za kukaanga na samaki mkavu, akamwagiza, "Nyumbani kwa mjomba wako waambie wakuite Dibor. Shuleni waache waite watakavyo."

Lakini mji ule ni mdogo. Watoto wa Biram walisoma shule hiyo hiyo, na Biram aliogopa kwamba wakimwita Dibor nyumbani, watateleza darasani, mtu asikie, maswali yaanze. Akatoa amri: humu ndani ni Siga. Alifanya hivyo kwa kumlinda, sina lawama naye. Asubuhi Siga, mchana Siga, kwenye chakula Siga. Mtoto wa miaka kumi na mitatu hachelewi kuzoea.

Katika likizo ya mwaka wa pili alikuja na rafiki yake wa shuleni. Walikuwa wamekaa kwenye kivuli cha ukuta wakisoma. Tening akamwita kutoka jikoni, "Dibor." Hakugeuka. Akamwita tena. Mara ya tatu rafiki yake akauliza, "Siga, mama anamwita nani?" Ndipo aliposhtuka, akainuka mbio, akisema, "Nilikuwa nasoma, mama, sikusikia." Alikuwa amekua mrefu kama mjomba wake alivyotabiri, na alikuwa mtaratibu. Ule mdomo haukuwepo tena. Labda ni ukubwa tu, watoto hubadilika. Latyr hakuamini kuwa ni ukubwa. Alisema mtoto anayeishi kwa kuchunga asije akajisahau, hawezi kuwa na nafasi ya kufanya mzaha.

Juma lile lile Latyr alikwenda mahakamani mjini. Nilimsindikiza. Alimweleza karani mmoja mzee kila kitu, tangu surua hadi mwavuli wa hakimu, kama mtu anayeeleza ugonjwa. Karani alimsikiliza mpaka mwisho, akafunga mlango.

"Mzee wangu," akasema, "ukitaka huyu azaliwe, sharti umzike yule. Na ukishamzika kwa tarehe yake, mtihani ulifanywa na nani? Watayafuta matokeo yake, na utafuatwa wewe, na mwalimu, na mkeo. Nenda nyumbani. Mtoto anasoma, sivyo? Mwache asome."

Tukapanda mkokoteni kurudi. Njiani watu wawili walimpungia mkono awabebe, naye akawabeba.

Miaka ikaenda. Binti alimaliza shule ya kati, akaendelea mbele, akawa mwalimu. Walimpeleka mashariki, siku nzima ya safari, na huko akaolewa na mtu wa huko, mtu mwema. Yeye anamwita Siga. Wanafunzi wake, majirani, wakwe, wote. Mumewe alielezwa kabla ya ndoa, akasema jina alilompendea ndilo atakalomwita, na nani angemlaumu? Kwa karatasi atastaafu miaka miwili mapema, na anapokuja Mbafay hilo ndilo analolitania. "Mmenizeesha bure," anawaambia wadogo zake. Zaidi ya hapo hajawahi kumtupia baba yake neno. Latyr angepona kama angetupiwa.

Latyr naye alibadilika kwa njia yake. Mtoto akizaliwa Mbafay, kabla hajapewa jina, Latyr amesimama mlangoni na mkokoteni akimuuliza baba wa mtoto wanakwenda lini kuandikisha. Waliotaka kungoja mavuno aliwagombeza mpaka wakaona haya. Sidhani kuna mtoto asiye na cheti kijijini kwetu tangu wakati huo. Watu walimsifu, naye sifa zile zilimkera.

Mwaka mmoja, farasi yule akiwa ameshakufa na mwenzake wa pili amezeeka, tulikuwa tunasuka ua wa mabua, mimi upande huu, yeye upande wa pili. Akasema bila utangulizi, "Ningeweza kukwambia siku ile, Mbagnick, shuka na mbuzi wako."

"Ungeniambia ningeshuka," nikasema.

"Najua. Wala usingekasirika." Akakaza fundo. "Nilikuwa na watu ishirini na mmoja siku ile. Katika wote hao, ambaye nilijua hatanung'unika ni mke wangu tu. Kwa hiyo nikamshusha yeye."

Nilitaka kumwambia kwamba wale mbuzi wangeuzika hata mchana, kwamba nilijua hilo asubuhi ile ile nilipomwomba. Nikaendelea kumpitishia mabua. Sijamwambia mpaka sasa.

Tening alifariki miaka mitatu iliyopita, mwishoni mwa kiangazi. Binti yake alikuja na mumewe na watoto na baadhi ya wakwe. Uani siku zile za msiba wazee wetu walimpa pole wakimwita Dibor, wageni wa mashariki wakampa pole wakimwita Siga, naye aliwaitikia wote. Nilimwona Latyr akisikiliza. Kwa Siga binti aliitika papo hapo. Kwa Dibor alichukua muda kidogo, kama mtu anayetafuta ufunguo. Siku ya tatu alimwomba baba yake ampeleke kwenye kaburi la dada yake. Latyr alimwonyesha mahali, kwa kukisia, maana alama ilikuwa imeshaliwa na mchwa. Wakakaa pale. Sikuwafuata.

Sasa Latyr anaishi na mwanawe mdogo, mkokoteni umeachwa uani, kuku wanalala chini yake. Macho yanamsumbua, na binti humtumia dawa kila mwezi kwa mtu anayekuja huku. Jumapili simu hulia. Mwanawe humwekea sikioni. Binti husema, "Baba, ni mimi," naye hujibu, "Naam, mwanangu." Wanaulizana mvua, watoto, macho. Muda wote nikiwa pale sijawahi kumsikia akimwita jina.